Mluzi wa Mlangoni

Pale ofisini walimwita Mfagiaji, ingawa hakuwahi kushika ufagio. Aliyefagia sakafu alikuwa mama mwingine, mtu mzima mwenye goti bovu, naye utani huo haukumchekesha hata kidogo. Alisema jina lake limeibwa na mtu anayekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Lakini jina la utani likishaganda haling'oki. Kazi ya Mfagiaji ilikuwa mtandaoni. Kila asubuhi, kabla chai yake haijapoa, alisaka tovuti za uongo zilizovaa sura ya ofisi yao, kisha akahangaika nazo mpaka zifungwe.

Ofisi ilikuwa ya kutafuta watu waliopotea. Ilikuwa na vyumba vitatu, dirisha moja la kupokelea watu, benchi refu lililong'arishwa na makalio ya miaka mingi, na makabati ya chuma yaliyojaa majalada ya watu ambao mara ya mwisho walionekana wakifunga kamba za viatu, au wakipanda lori, au wakiaga kwa kuinua mkono bila kugeuka. Aliyepotelewa alikuja dirishani, au aliingia kwenye tovuti ya ofisi, akajaza fomu: jina la aliyepotea, umri, siku aliyoonekana mwisho, alama za mwilini, tabia zake, na namba ya simu ya anayemtafuta. Hayo ndiyo wezi waliyoyataka. Mtu aliyejaza fomu ile amekwisha kuvua nguo zote mbele yako. Amekuonyesha mahali pa kumchoma.

Kwa hiyo wezi walijenga tovuti pacha. Nembo ileile ya nyumba yenye mlango wazi, picha ileile ya Mkurugenzi mwenye miwani juu ya paji la uso, hata ile namba ya simu ya ofisi iliyokufa miaka mitatu nyuma na hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Tofauti ilikuwa kistari kimoja katika anwani, au herufi moja iliyozidi. Macho yenye machozi hayaoni kistari. Mtu alijaza, akangoja, na baada ya wiki mbili au tatu simu yake ililia, na sauti upande wa pili ikasema: mama, ni mimi.

Mfagiaji alikuwa na utaratibu wake. Akiikuta tovuti ya namna hiyo, kwanza aliipiga picha ukurasa kwa ukurasa, tarehe na saa vikionekana. Kisha aliijaza fomu yake kama mtu aliyepotelewa, ili apate ushahidi kwamba kweli inakusanya habari za watu. Waliiita fomu ya majaribio, na sharti lake lilikuwa moja: kila kitu kiwe cha kubuni, na ndani yake litiwe jambo moja la pekee ambalo halijapata kuandikwa kwenye fomu nyingine yoyote. Jambo hilo waliliita chumvi. Mtu wa kubuni anaogopa paka. Mtu wa kubuni ana meno mawili ya dhahabu, yote ya chini. Kila chumvi iliandikwa kwenye daftari, mstari mmoja kwa tovuti moja, ili siku maneno hayo yakisikika mahali, ofisi ijue yamevujia wapi. Mwisho aliitafuta kampuni iliyouza jina la tovuti na kampuni iliyoihifadhi kwenye mashine zake, akaziandikia zote mbili, akaambatisha picha na barua ya Mkurugenzi yenye muhuri, akangoja. Wengine walifunga siku ileile. Wengine walinyamaza kama maji mtungini.

Yeye mwenyewe alifika pale kwanza kama mteja. Alikuja kumtafuta mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa kitinda mimba, na nyumbani hakuitwa kingine ila Kitinda. Aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa, na watu waliomwahidi kazi ya ujenzi nchi ya mbali. Alipiga simu mara mbili. Mara ya pili alisema huko kuna baridi ya kukata mifupa, akacheka, akauliza kama mama bado anashona usiku na macho yake mabovu. Tangu hapo, miaka kumi na moja, hakuna neno. Dada mtu alijaza fomu, akakaa kwenye benchi, akarudi tena na tena, mpaka wenyeji wakazoea kumpa kazi ndogondogo za kompyuta, na mwisho wakampa meza. Jalada la Kitinda lilikuwa kabati la pili, droo ya chini. Lililala huko. Majalada ya aina hiyo hayafungwi. Yanaachwa tu yalale.

Mama yao alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni kando ya dirisha, na kila mwaka, mwezi aliozaliwa Kitinda, alishona shati moja kwa kukadiria mwili: mwaka huu atakuwa amepanuka mabega, mwaka huu ameongeza tumbo kidogo kama baba yake. Mashati kumi na moja yalikunjwa kwenye sanduku. Mfagiaji alikuwa akipita pale akiwa na haraka zake, akisema, "Shikamoo mama," na kuingia chumbani.

Kosa lenyewe lilifanyika Jumamosi moja, saa tisa alasiri, mezani pale sebuleni. Alikuwa ameleta kazi nyumbani. Tovuti mpya ilikuwa imeota, na fomu yake ilidai namba ya simu halisi ili itume tarakimu za kuthibitisha. Ofisi ilikuwa na simu maalumu ya majaribio, lakini siku ile simu hiyo ilikuwa kwa Redio, yule mpokea wageni wa dirishani, aliyeichukua kuipeleka kubadilishwa kioo. Simu ya mama ilikuwa mezani inachaji. Mama alikuwa uani anaanika nguo.

Tena alikuwa amechoka kubuni. Mwaka ule alikuwa amewabuni watu arobaini waliopotea, na watu wa kubuni hufika mahali wakaanza kufanana, kama watoto wa baba mmoja. Vidole vilikwenda vyenyewe. Aliandika Kitinda. Akaandika miaka kumi na tisa, siku aliyoondoka, kovu la pasi juu ya kiwiko cha kushoto. Kovu hilo alilijua sana, maana yeye ndiye aliyemchoma, siku aliyokuwa akinyoosha sare za shule huku akitazama pembeni. Na kulikuwa na jambo ambalo asingemwambia mtu: kumwandika Kitinda mahali, popote, hata kwenye karatasi ya wezi, kulimpa nafuu kifuani. Ni kama kumtaja mtu kwa sauti chumbani ambamo hakuna msikilizaji.

Akakumbuka chumvi. Akaandika: hupiga mluzi mlangoni kabla ya kuingia ndani. Hiyo ilikuwa ya kubuni kabisa. Kitinda alikuwa na pengo mbele, na kila alipojaribu mluzi ulitoka upepo mtupu, na nyumba nzima ikamcheka. Mfagiaji aliingiza namba ya mama yake, tarakimu zikaja, akazinakili, akaufuta ujumbe. Dakika tatu. Mama aliporudi na beseni tupu kiunoni, simu ilikuwa palepale.

Hakuona hatari. Tovuti nyingi alizifunga ndani ya siku mbili, kabla wezi hawajazichambua fomu. Hii ilikataa. Kampuni iliyoihifadhi ilijibu baada ya siku tisa, kwa lugha ya upole yenye meno, kwamba kufanana kwa kurasa pekee hakuthibitishi udanganyifu. Ofisi ilete maelezo ya mtu mmoja aliyedhurika, pamoja na mawasiliano yake na walaghai, nakala kamili, isiyofutwa neno.

Mkurugenzi alishusha miwani, akaisoma barua, akairudisha miwani juu.

"Mtafute mmoja," alisema. "Mmoja tu, Mfagiaji. Hawawezi kukosekana."

Hawakukosekana. Watu kadhaa walikuwa wamepiga simu ofisini kushukuru kwa kupatikana kwa ndugu zao, na ndivyo ofisi ilivyojua kwamba wameibiwa. Mfagiaji aliwapigia mmojammoja. Mwanamke mmoja alikata simu. Mwingine alitukana. Wa mwisho alikuwa mwalimu mstaafu, mzee aliyefiwa na mkewe, aliyepotelewa na binti. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kama anayesahihisha insha. Kisha akasema kwamba anajua. Alijua tangu wiki ya kwanza, maana binti yake asingekosea jina la marehemu mama yake.

"Basi mwalimu, tusaidie tuwafunge."

"Binti," mwalimu alisema, "sauti ile hunipa shikamoo kila asubuhi saa moja. Ukiifunga, wewe utanipigia?"

Kisha mwalimu akaaga, kwa adabu.

Wakati huohuo nyumbani mambo yalikuwa yamebadilika, naye hakuyatilia maanani. Mama aliimba akipika. Mama alisuka nywele upya. Siku moja alikutwa anapaka rangi mlango wa chumba cha nyuma, yeye na presha yake, juu ya kigoda. Alipoulizwa alisema mlango ulikuwa unamchusha. Mfagiaji akamwambia apunguze kupanda vitu, akaingia chumbani kwake, akafungua kompyuta, akaandika tena kwa ile kampuni.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, yeye akiosha vyombo, mama alivuta kiti.

"Kaa. Leo nitasema, hata kama amenikataza."

"Nani amekukataza?"

"Nani mwingine? Mdogo wako."

Sahani ilikuwa bado mkononi. Mama alieleza haraka, kwa kunong'ona, akicheka katikati ya sentensi kama msichana. Mwezi wa pili sasa. Ile ofisi yenu imempata, dunia hii ina watu wema. Alikuwa amefungwa huko, karatasi zake zilichukuliwa, sasa ametoka, bado kibali tu. Amemwomba mama asimwambie dada kwanza, maana dada anafanya kazi humohumo na mambo yakivuja yataharibika. Na mama ameyabeba peke yake siku zote hizo, mpaka kifua kinauma kwa furaha. Akaitoa simu, akaibonyeza, akaiweka kati yao mezani.

Sauti ya kijana ilisema, "Shikamoo mama. Umeamkaje? Umemeza dawa?" Kisha ikanyamaza kidogo, na ukaja mluzi. Noti tatu, ya tatu ikipanda juu.

"Unaukumbuka?" Mama alikuwa anamtazama usoni, macho yakimeta. "Ule wake wa mlangoni."

Mfagiaji aliiweka sahani chini taratibu.

"Mama, Kitinda alikuwa hawezi kupiga mluzi."

"Hawezi wapi? Wewe hukuwa na muda naye. Mimi nilikuwa nikikaa hapo kwenye cherehani, nausikia kabla sijamwona."

Alionyesha kwa kidevu upande wa dirisha. Hapo ndipo Mfagiaji alipotazama, kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi, na kuona sakafu yenye alama nne za miguu ya chuma. Cherehani haikuwapo. Mama alisema ameiuza, sasa yamekuwa makubwa? Kibali hakiji kwa kuomba Mungu tu. Kitinda akifika atamnunulia ya umeme.

Hakumwambia kitu siku ile. Kesho yake alifika ofisini kabla ya wenzake, akafungua daftari la chumvi, akashuka kwa kidole mpaka mstari wa arobaini na moja. Mluzi mlangoni. Mwandiko wake mwenyewe, wino wake mwenyewe, na mbele yake anwani ya tovuti ile iliyogoma kufungwa. Alikaa akiutazama mstari huo mpaka Redio alipoingia akiimba, akamuuliza kama daftari limemkopa pesa.

Alikuwa anamtafuta mtu mmoja aliyedhurika. Alikuwa anakula naye meza moja.

Angeweza kumwambia mama, amwombe ruhusa. Alilifikiria hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, na kila alipofika kwenye neno "mama" alisikia sauti ya yule mwalimu. Basi akafanya alivyozoea kufanya, haraka na kimyakimya. Alhamisi asubuhi mama alikwenda zahanati kupimwa presha, akaisahau simu kwenye chaji. Mfagiaji alifunga mlango, akaketi kitandani kwa mama yake, akaanza kunakili.

Zilikuwa jumbe mia na kitu. Alitegemea kukuta ulaghai, na ulaghai ulikuwapo, lakini nyingi ya jumbe hizo hazikuomba chochote. Ziliuliza. Mama umelala vizuri? Mguu bado unavimba? Umekula nini leo? Usinywe chai bila kitu, mama. Mwizi huyo alijua majina ya vidonge vya mama yake, cha asubuhi na cha jioni. Yeye aliyelala chumba cha pili aliijua rangi ya boksi tu. Mahali fulani mama aliuliza kama kovu la pasi bado linamwasha wakati wa baridi. Jibu lilikuja baada ya saa nzima: limefutika mama, huku kuna dawa nzuri, halionekani kabisa. Chini yake picha ya kijana aliyeegemea gari, mikono mifupi, viwiko laini kama yai. Mama aliandika: umenenepa mwanangu, Mungu mkubwa.

Alinakili zote. Kampuni ilitaka isifutwe hata herufi, naye hakufuta hata herufi. Aliandika malalamiko kwa jina lake, kwa anwani yake ya kazini, akatia muhuri, akatuma. Mama aliporudi alimkuta anapika, jambo lisilo la kawaida, akamtania kwamba leo kuna mvua ya mawe.

Jumatatu tovuti ilifungwa. Ulibaki ukurasa mweupe na mstari mmoja wa maandishi. Mkurugenzi alitoka chumbani kwake akapiga makofi, peke yake, mara tatu. Redio alisema Mfagiaji sasa apewe ufagio wa dhahabu, na yule mama wa goti bovu akasema kwanza wampe yeye dawa ya sakafu, imekwisha tangu juzi. Watu walicheka. Mfagiaji alicheka pia, kwa mdomo.

Kulikuwa na kitu alichokijua, na alikuwa amekisukuma pembeni. Kampuni kadhaa za namna ile, kabla hazijafunga, humpelekea mwenye tovuti malalamiko yote kama yalivyo, ili naye apate nafasi ya kujitetea. Mwaka uliopita yeye mwenyewe aliwaonya wenzake juu ya hilo. Aliwaambia: mkiandika, andikeni mkijua mwizi naye atasoma.

Alipofika nyumbani jioni, mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, begi limefungwa. Sanduku la mashati lilikuwa kando yake.

"Amenipigia," mama alisema.

"Amesemaje?"

"Amenisomea barua. Neno kwa neno. Maneno yangu yote niliyomwambia usiku na mchana, yamo. Na jina lako liko chini."

Mama aliongea bila kupandisha sauti. Kitinda alilia, alisema. Aliuliza amemkosea nini dada yake. Alisema wamekuja kumchukua kwa sababu ya hiyo barua, wako mlangoni, na yeye mama kwa masikio yake alisikia mlango unagongwa, mtu anafoka, halafu simu ikakatika. Amejaribu tangu saa nane. Haipatikani.

Basi Mfagiaji alisema yote. Alipiga magoti pale mlangoni, akaeleza Jumamosi ile, fomu ile, simu iliyokuwa inachaji, tarakimu, kovu. Alieleza chumvi ni nini na kwa nini inatiwa. Alisema mluzi niliubuni mimi, mama, niliuandika mimi, wamekusomea uongo wangu. Alitegemea kwamba ukweli, ukishasemwa wote, utafanya kazi yake.

Mama alimsikiliza.

"Simu yangu uliichukua."

"Ndiyo, mama."

"Mara mbili."

"Ndiyo."

"Na mdogo wako ukamwandika kwenye karatasi ya wezi, kama mtu anayejaribisha kalamu."

Mama aliinuka, akajifunga kanga vizuri.

"Mluzi nimeusikia miaka kumi na tisa, huwezi kuubuni. Labda umeusahau. Wewe ulimchoma mtoto kwa pasi hukuona, utaona nini?"

"Mama, yule ni mwizi."

"Inawezekana." Mama alisema hivyo kwa utulivu, na hicho ndicho Mfagiaji alichokuja kukirudia kichwani siku nyingi baadaye, kwamba alisema inawezekana. "Lakini aliniuliza kila siku kama nimemeza dawa. Toka mlangoni nipite."

Alikwenda kukaa kwa mdogo wake wa kike, mitaa sita mbele. Mfagiaji alikwenda huko mara nne. Mama mdogo alimpokea kwenye kizingiti, akamsemesha vizuri, akamwambia mama amelala. Mara zote nne mama alikuwa amelala, mara moja saa nne asubuhi, huku kikohozi chake kikisikika ndani.

Wiki ya tatu, Jumatatu, ilikuwa siku ya kuingiza fomu. Jumatatu Redio aliwahoji watu dirishani, akiyaandika majibu kwenye karatasi na kuyasoma kwa sauti, na Mfagiaji, nyuma ya ubao uliotenganisha chumba, aliyapiga moja kwa moja kwenye kompyuta. Hivyo ndivyo walivyookoa muda. Hakumwona mtu, alisikia majibu tu. Alikuwa ameingiza watu saba, akisubiri wa nane, alipomsikia Redio, ambaye kinywa chake hakikuwa na breki, amenyamaza.

"Mama, shikamoo," Redio alisema hatimaye. "Binti yako yupo hapa ndani. Nikuitie?"

"Marahaba. Nimekuja kwako, baba. Namba yangu hii, si ndiyo uliyoiita?"

"Ndiyo hii, mama."

"Basi tuendelee. Nimepotelewa na mwanangu, na nina habari mpya."

Redio alikohoa. Akaanza kusoma maswali, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea kwenye sakafu iliyolowa. Jina, umri. Mara ya mwisho kuwa na mawasiliano: mama alitaja siku ile tovuti ilipofungwa, saa nane mchana. Mfagiaji alipiga. Kompyuta ilitambua jina, ikalifungua jalada la zamani, lile la kabati la pili, ikauliza kama habari mpya zichukue nafasi ya zilizokuwapo.

"Alama za mwilini," Redio alisoma.

"Hana. Alikuwa na kovu, limefutika."

Mfagiaji alisimama, kiti kikagonga ukuta. Habari zile zingekwenda kwenye ofisi zote, kwenye hospitali, magereza, vyumba vya maiti. Huko mahali, kama Kitinda alikuwa mahali, kiwiko kile ndicho kitu pekee ambacho kingesema ni yeye.

"Redio, usiandike hivyo," alisema, akichungulia juu ya ubao. "Kovu lile haliwezi kufutika. Nililiona siku ya kwanza, lilifika kwenye nyama. Mama, nakuomba. Mengine yote sema unavyotaka, hilo liache."

Mtu kwenye benchi aliguna.

"Baba," mama alimwuliza Redio, "fomu hii inajazwa kwa maneno ya nani?"

Sharti hilo lilikuwa limebandikwa ukutani juu ya kichwa cha Redio, kwa herufi kubwa: huandikwa asemalo mwenye kutafuta. Miaka ya nyuma waliliweka kwa sababu makarani walikuwa na tabia ya kuwarekebisha wazee.

"Kwa maneno yako, mama," Redio alisema polepole.

"Basi andika."

"Alama za mwilini, hana," Redio alisoma. Mfagiaji aliketi. Alifuta mstari wa kovu, herufi kwa herufi, kwa kitufe cha kurudi nyuma. Ungeweza kufutwa kwa mguso mmoja, lakini hivyo ndivyo alivyoufuta.

"Tabia?"

"Mpole. Anajali. Hupiga mluzi mlangoni kabla ya kuingia."

Akaupiga na huo.

"Ndugu wa kuzaliwa naye?"

"Hana."

Redio alivuta pumzi. Kioo cha dirisha kilikuwa na tundu dogo la kuongelea, na aliinama mpaka karibu aliguse kwa midomo.

"Mama, jalada la zamani linasema ana dada."

"Walikosea," mama alisema. "Rekebisheni."

Redio alisubiri, labda akitumaini mmoja kati yao ataongea. Kwenye benchi mtu wa namba tisa alikuwa amekwisha kusimama, karatasi mkononi.

"Ndugu, hana," Redio alisoma.

Nyuma ya ubao vitufe vililia mara nne.